Damu Kwanza: Mwongozo wa Ulaji kwa Mama Kijacho

Mwanamke akishajulikana kuwa ni mjamzito, nyumba nzima huanza kumhimiza ale. Mama mkwe anamwongezea ugali, jirani anamletea uji, mume anarudi jioni na chipsi na soda. Wote wana nia njema. Kisha siku ya kliniki inafika, anachomwa kidole, muuguzi anatazama kipimo na kumwambia, "Mama, damu yako ni 9." Chakula alikula na shibe aliipata, ila damu haikutosha.

Hali hii ni ya kawaida mno Afrika Mashariki, ndiyo maana mwongozo huu nimeujenga juu ya damu. Vitamini na madini mengine nitayataja njiani. Lakini mama kijacho anayekula kwa namna ya kulinda damu yake huwa amepata pia sehemu kubwa ya vitu vingine anavyohitaji, kwa kuwa vinatoka kwenye sahani hiyohiyo.

Mwili wa mjamzito huongeza wingi wa damu kwa karibu nusu ya ile iliyokuwepo. Hapohapo kondo la nyuma linajengwa, na mtoto anajiwekea akiba ya madini chuma atakayoitumia miezi sita ya mwanzo ya maisha yake, maana maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana madini hayo kidogo. Ukijumlisha yote, mimba moja inadai takribani gramu nzima ya madini chuma. Kliniki nyingi hutumia kipimo cha gramu 11 za himoglobini (sehemu nyekundu ya damu inayojengwa kwa madini chuma) kwa desilita moja ya damu: mjamzito akiwa chini ya hapo ana upungufu, na akishuka chini ya 7 upungufu ni mkali. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi, na aliyeingia leba na damu pungufu hufikia hatari upesi kuliko mwenzake.

Hatua ya kwanza: nenda kliniki mapema na ujue damu yako ni ngapi

Usingoje tumbo lionekane. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio manane kwa mimba moja. Siku hiyo ya kwanza utapimwa wingi wa damu, uzito, shinikizo la damu, mkojo, malaria, kaswende na VVU. Muulize muuguzi kwa sauti, "Damu yangu ni ngapi?" na uhakikishe namba imeandikwa kwenye kadi. Bila namba ya kuanzia hutajua mwezi wa saba kama umepanda au umeshuka.

Utapewa vidonge vya kuongeza damu, vile tunavyoviita fefo, vyenye madini chuma na foliki asidi. Kinachopendekezwa ni miligramu 30 hadi 60 za madini chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, mimba yote. Nasisitiza kila siku, kwa sababu wengi hupokea vidonge, wakavimeza wiki moja, wakaona choo kimekuwa cheusi au tumbo limechafuka, wakaviweka kabatini. Choo cheusi hakina madhara, ni madini yaliyobaki bila kufyonzwa. Kidonge kikikuletea kichefuchefu, kimeze usiku baada ya chakula, ukiwa unakwenda kulala. Kikikufunga choo, ongeza maji na matunda, na mweleze muuguzi kabla hujaamua mwenyewe kuacha.

Mambo mawili watu huyasahau hapa. La kwanza ni SP, dawa ya kukinga malaria utakayopewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Maduka ya dawa huuza foliki asidi ya miligramu 5, na kiwango hicho kikubwa hupunguza nguvu ya SP. Usijinunulie. Kama daktari amekuandikia kwa sababu maalumu, mwambie muuguzi anayekupa SP. La pili: mwenye selimundu asimeze vidonge vya madini chuma mpaka daktari wake aseme, kwani upungufu wake wa damu una chanzo kingine.

Na kwa anayesoma huku bado anapanga kupata mtoto: mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Wengi wakati huo hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Watoto wenye mgongo wazi, na wengi wenye vichwa vikubwa wanaoambatana nao, wanaofikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa upasuaji, wametoka katika siku hizo. Si wote wangezuilika, lakini sehemu kubwa ingepungua kama mama angekuwa na foliki asidi ya kutosha kabla ya kushika mimba. Kwa hiyo anza mikrogramu 400 kwa siku angalau mwezi mmoja kabla, na ununuapo unga wa ngano au sembe ya pakiti, chagua ulioandikwa kuwa umeongezewa virutubishi. Chumvi nayo iwe yenye madini joto, uitunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko. Mtoto akikosa madini joto tumboni, ubongo wake hauendelei inavyopaswa.

Hatua ya pili: tazama sahani, hesabu makundi

Mwongozo wa Kitaifa wa Chakula na Ulaji wa Tanzania wa mwaka 2023 unagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; vyakula vya asili ya wanyama; jamii ya kunde, karanga na mbegu; mboga; matunda; na mafuta yenye afya. Kazi yako ni kuhakikisha kila siku umegusa yote. Haina maana kwamba kila mlo uwe na vyote sita, wala kwamba lazima uwe na pesa nyingi.

Tuchukue siku moja ya mama anayeishi Dar es Salaam au Morogoro kwa kipato cha kawaida. Asubuhi anakunywa uji wa ulezi uliotiwa maziwa, pamoja na yai la kuchemsha. Saa nne anakula ndizi mbivu na kiganja cha karanga. Mchana ni ugali wa dona, dagaa waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, fungu la mchicha lililopikwa kwa mafuta kidogo, ndimu imekamuliwa juu, kisha kipande cha papai lililoiva. Jioni ni wali kwa maharage ya nazi na matembele, na chungwa. Hakuna kitu hapo kinachotoka dukani kwa bei ya kutisha, na makundi yote yamo.

Aliyeko Bukoba atumie ndizi kwa maharage na kuongeza dagaa wa ziwani. Dodoma kuna ugali wa uwele kwa mlenda uliotiwa karanga za kusaga. Hapo kinachopungua mara nyingi ni matunda na kitu cha asili ya wanyama, basi ubuyu na ukwaju visidharauliwe, na yai la kuku wa kienyeji lisiishie kuuzwa gengeni. Pwani na visiwani samaki yupo, mihogo ipo. Kinachosahaulika ni mboga za majani, na kisamvu kinaota nyuma ya nyumba. Wafugaji wana maziwa tele, lakini maziwa peke yake hayajengi damu.

Nina maneno machache juu ya unga wa lishe, maana huuzwa kila mtaa kama jibu la kila kitu. Mara nyingi ni mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi na ngano vilivyosagwa pamoja, halafu ikatupwa soya na karanga. Nafaka sita bado ni kundi moja. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa wiki kadhaa kwenye ndoo, mafuta yake huchacha na ukungu hupata nafasi. Soya isiyopikwa vizuri inazuia mwili kutumia protini. Mimi namshauri mama asage nafaka moja au mbili tu, ulezi ukiwa wa kwanza kwa sababu una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zetu, kisha maziwa, karanga mbichi iliyosagwa siku hiyohiyo na ikaiva vizuri, au yai, viongezwe wakati uji unachemka.

Kuhusu kiasi: kula kwa ajili ya watu wawili hakumaanishi sahani mbili. Miezi mitatu ya kwanza mahitaji ya nguvu hayaongezeki kwa kitu cha kuhesabika. Miezi mitatu ya kati huongezeka kwa kalori kama 340 kwa siku, na ya mwisho kama 450. Huo ni mlo mmoja mdogo zaidi: kiazi kitamu cha kuchemsha pamoja na nusu parachichi na glasi ya maziwa, kwa mfano. Aliyekuwa na uzito wa kawaida kabla ya mimba hutarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16. Aliyekuwa mwembamba sana kilo 12.5 hadi 18. Mwenye uzito uliozidi kilo 7 hadi 11.5. Binti aliyepata mimba kabla mwili wake haujamaliza kukua anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwani yeye na mtoto wanagombea chakula kilekile.

Hatua ya tatu: yaache madini chuma yaingie mwilini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haigharimu chochote na wachache wanaielezwa. Kuna madini chuma yatokayo kwa wanyama, yaani nyama, samaki, dagaa na kuku. Haya mwili huyapokea kwa urahisi. Na kuna yatokayo kwenye mimea, yaani maharage, mchicha, kisamvu, dengu, dona. Haya mwili huyapokea kidogo, na kiasi hicho hupanda au kushuka kutegemea ulichokula au kunywa pamoja nayo.

Adui wa kwanza ni chai. Tanini iliyomo kwenye majani ya chai hushikana na madini chuma tumboni na kuyazuia, na kikombe kimoja kilichonywewa pamoja na mlo kinaweza kukata zaidi ya nusu ya madini ambayo mwili ungeyapata kutoka kwenye mimea. Kahawa nayo hufanya hivyo. Sasa fikiria kifungua kinywa chetu: chai ya rangi, chapati, maharage. Maharage yameliwa, madini yametolewa chooni. Sisemi uache chai. Najua ilivyo ngumu. Isogeze tu. Kunywa saa moja au zaidi baada ya kula, na kwenye mlo weka maji, maji ya ukwaju, au juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi. Fefo nayo usiimeze kwa chai wala kwa maziwa. Imeze kwa maji yaliyokamuliwa ndimu au pamoja na chungwa. Kama umeandikiwa vidonge vya kalisi, viachane na fefo kwa saa kadhaa.

Rafiki mkubwa wa madini ya mimea ni vitamini C. Ndimu juu ya mchicha, kachumbari pembeni ya maharage, pera, embe au chungwa mara baada ya mlo. Mboga zisichemshwe mpaka zikapoteza rangi na maji yake kumwagwa. Zipikwe kwa muda mfupi, na mchuzi wake uliwe. Rafiki wa pili ni nyama au samaki hata kwa kiasi kidogo: dagaa wachache kwenye maharage husaidia mwili kupokea madini ya maharage yenyewe.

Maharage na choroko viloweke usiku kucha, umwage yale maji, upike kwa maji mapya. Kuloweka hupunguza fitati, kitu kilichomo kwenye ngozi za nafaka na kunde kinachoyafunga madini, na pia unaokoa mkaa wa kupikia. Uji uliochachushwa usiku mmoja, ule wa kienyeji ambao bibi zetu waliupika bila kufundishwa na mtu, una faida hiyohiyo.

Halafu kuna imani ya rangi nyekundu. Mama akiambiwa damu imeshuka, ananunuliwa bitiruti, rozela, au soda nyeusi iliyochanganywa na maziwa. Bitiruti ni chakula kizuri na ina foliki, lakini madini chuma yake hayafiki hata miligramu moja kwa gramu mia. Rozela ina vitamini C, si madini ya kumtoa mtu 8 kumpeleka 11. Soda ni sukari. Mama mwenye damu 8 akitumia wiki sita kunywa juisi nyekundu badala ya kumeza vidonge, amepoteza wiki sita ambazo hazitarudi kabla ya kujifungua.

Hatua ya nne: udongo, mchele mbichi na barafu

Katika masoko mengi ya Tanzania utaviona vijiti vya udongo vimepangwa karibu na tangawizi na karafuu. Kenya huuzwa kwa jina la odowa. Wapo wanaokula mchele mbichi, unga mkavu, majivu, mkaa, au kutafuna barafu kutwa nzima. Wengi hula kwa siri kwa kuogopa kuchekwa, na wakiulizwa kliniki hukana. Naomba tusiwacheke. Hamu hii huwa kali, na mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa madini chuma. Uchunguzi wa wajawazito kisiwani Pemba uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta uhusiano kati ya ulaji wa namna hii na upungufu wa damu, na mchele na wanga mbichi ndivyo vilivyoliwa zaidi kuliko udongo.

Ubaya wa udongo ni kwamba unashika madini chuma tumboni na kutoka nayo, hivyo aliyepungukiwa damu anazidi kupungukiwa na hamu inazidi kupanda. Udongo unaweza pia kubeba risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto, na mayai ya minyoo. Mchele na unga mbichi hukujaza tumbo ukakosa nafasi ya chakula, na huenda vimeota ukungu.

Jinsi ya kuacha: kwanza mweleze mkunga ukweli wote, apime damu na akupe dawa ya minyoo ikiwa miezi mitatu ya kwanza imepita. Minyoo ya safura hunyonya damu ukutani mwa utumbo na huingilia ngozi ya miguu, kwa hiyo viatu ni sehemu ya lishe yako. Meza fefo kila siku bila kuruka. Kwa wengi hamu hulegea madini yanapoanza kurudi. Wakati huohuo badilisha kile cha kutafuna: karanga zilizokaangwa, ubuyu, mbegu za maboga, kipande cha karoti, mahindi ya kuchoma. Kama unakula udongo kwa sababu ya kiungulia au mate mengi, tibu hicho chenyewe. Na usiuweke udongo ndani ya nyumba, maana ukiwepo kwenye mkoba utaliwa.

Hatua ya tano: tumbo linapokataa

Kichefuchefu cha miezi ya kwanza huwatesa wengi na hupungua kuanzia mwezi wa nne. Kula kidogokidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kwani tumbo tupu hukizidisha. Weka kitu kikavu karibu na kitanda, kama kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha au biskuti isiyo na krimu, ule kabla hujainuka. Tangawizi mbichi kwenye maji ya moto husaidia. Kama harufu ya kukaanga inakufukuza jikoni, mwingine apike. Hilo si kujidekeza. Fefo ikikataa kabisa wiki hizo, muuguzi anaweza kukubadilishia muda au kiwango. Ukishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, ukaona mkojo mdogo na wa rangi nzito, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kiungulia: milo midogo, usilale ndani ya saa mbili baada ya kula, inua mto. Kufunga choo: maji glasi nane hadi kumi kwa siku, dona badala ya sembe, papai lililoiva, kutembea.

Hatua ya sita: vinavyopaswa kusubiri mpaka ujifungue, na visivyopaswa kabisa

Maziwa mabichi hayafai, wala mtindi uliotengenezwa na maziwa yasiyochemshwa. Yanabeba vijidudu vinavyoweza kutoa mimba, ukiwemo ugonjwa wa Brusela unaotoka kwa mifugo. Chemsha yatokote. Nyama choma iive mpaka ndani pasionekane wekundu, mayai yaive kiini chote, yale ya macho ya ng'ombe yasubiri. Mboga za kachumbari zioshwe kwa maji safi yanayotiririka.

Sumukuvu ipewe uzito. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake huko Kenya, na 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Chambua mahindi na karanga moja moja kabla ya kusaga au kukaanga. Tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu, na usiwape kuku.

Samaki ni wazuri sana kwa mjamzito, na watu wa pwani wana bahati. Lakini papa, awe mbichi au mkavu, na nduaro hukusanya zebaki nyingi mwilini kwa sababu ni samaki wakubwa wanaokula wengine kwa miaka mingi, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto. Waache wakati huu. Dagaa, vibua, sato na changu waliwe kwa raha. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hutoa pia kalisi, ambayo kwa wanawake wasioipata ya kutosha husaidia kupunguza hatari ya kifafa cha mimba.

Maini yanahitaji maelezo, kwa sababu tunaambiwa siku zote kuwa yanaongeza damu, na ni kweli yana madini chuma mengi. Yana pia vitamini A nyingi mno ya aina inayoweza kumdhuru mtoto viungo vyake vikiwa vinaumbwa. Ushauri wangu: miezi mitatu ya kwanza yaache, baada ya hapo kipande kidogo kisichozidi mara moja kwa wiki. Nyama nyekundu ya kawaida haina tatizo hilo.

Papai bivu ni salama, bichi lenye utomvu liache. Pombe ya aina yoyote, ya kiwandani, mbege, ulanzi au gongo, haina kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto. Sigara, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu viache pia. Kahawa isizidi vikombe viwili vidogo kwa siku.

Hatua ya saba: zungumza na watu wa nyumbani

Mama kijacho mara nyingi si yeye anayeamua kinachopikwa. Bado yako maeneo ambako mjamzito anakatazwa mayai kwa hofu kwamba mtoto atazaliwa bila nywele, na wengine wanamnyima chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa akashindikana kutoka. Yai halina kosa lolote. Na mama akinyimwa chakula, mtoto anazaliwa njiti au na uzito mdogo na yeye mwenyewe anaingia leba bila nguvu. Kama kuna wasiwasi wa ukubwa wa mtoto, wa kulijibu hilo ni mkunga kwa kupima, pamoja na kuangalia sukari ya mama.

Namna inayofaa kuliko kubishana ni kumwomba mama mkwe au mume aje kliniki mara moja asikie mwenyewe. Mkwe aliyeambiwa na muuguzi kwamba damu ya mkwewe ni 8 hugeuka mlinzi wa fefo kuliko hata mwenye mimba. Baba naye, badala ya soda jioni, alete mayai mawili, fungu la mboga na machungwa. Tena nyama inapogawanywa mezani, minofu isiishie kwa wanaume, mjamzito akabakiwa na mchuzi.

Kuhusu mwezi wa Ramadhani, Uislamu umempa ruhusa mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto kuacha kufunga na kulipa baadaye. Mwenye damu pungufu, kisukari au anayetapika sana aitumie ruhusa hiyo bila kuona haya.

Wakati wa kwenda hospitali bila kungoja tarehe

Nenda ukiona viganja, ulimi na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, moyo unakwenda mbio au unahema ukiwa umekaa tu, kizunguzungu kinakuangusha. Nenda pia ukipata maumivu makali ya kichwa, maluweluwe machoni, uvimbe wa ghafla usoni na mikononi, homa, damu yoyote ukeni, au mtoto akipunguza kucheza. Haya hayatibiwi kwa chakula. Damu iliyoshuka sana mwishoni mwa mimba huenda ikahitaji dawa ya mshipa au kuongezewa damu, na hilo hupangwa vizuri zaidi kabla ya uchungu kuanza. Kwa hiyo kama namba yako iko chini mwezi wa nane, ulizia mapema hospitali yenye huduma hiyo na nani katika ukoo anaweza kuchangia damu.

Baada ya kujifungua

Mtori, supu, uji wa pilipili manga: endelea navyo, vyote ni vyema, ukiongeza mboga na matunda ambayo mara nyingi mzazi hunyimwa. Anayenyonyesha anahitaji chakula kingi kuliko hata alipokuwa mjamzito, takribani milo midogo miwili zaidi ya kawaida yake. Vidonge vya kuongeza damu havikomi leba. Meza kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na ukirudi kliniki na mtoto kwa chanjo, omba upimwe damu na wewe.